Viazi Ndani ya Oveni ya Vyombo

Jiko letu waliliondoa tarehe kumi na nne Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nakumbuka kwa sababu nakumbuka kila kitu, na nisichokikumbuka nimekiandika. Lilikuwa jiko dogo la gesi katika chumba cha wafanyakazi, pale chini kabisa kwenye Taasisi, ambako wenye shahada hawafiki ila wakipotea njia. Waraka wa Mkurugenzi, Dakta Fagalde, ulisema jiko ni hatari kwa usalama. Wiki ileile ghorofa ya pili ikaingia mashine ya kahawa yenye ukubwa wa ndama aliyelala, nayo haikuwa hatari kwa mtu yeyote.

Mimi ni Eusebio Juárez, Chebo kwa wanaonipenda na kwa wasionipenda. Ni mtunza panya wa maabara kwa mwaka wa thelathini na moja, na ni mjumbe wa chama cha wafanyakazi kwa mwaka wa ishirini na mbili. Baba yangu alikuwa mchemsha sukari katika kimojawapo cha viwanda vilivyofungwa hapa Tucumán, kaskazini mwa Argentina, mwaka sitini na sita, na ndiyo maana shule yangu ilikoma darasa la sita. Mengine nimeyasoma mwenyewe, kwenye makala ambazo madaktari hutupa kwenye mapipa. Ukitaka kujua mtu anafikiri nini, soma pipa lake.

Sasa, kwetu mkutano wa chama hufanyika kila Ijumaa adhuhuri, na mkutano bila empanada si mkutano, ni mazishi. Empanada ni binamu wa sambusa, ila ya kuoka: nyama iliyokatwakatwa kwa kisu, kitunguu cha majani, yai, bizari, na ukingo wake una mikunjo kumi na mitatu, si kumi na miwili. Unabana limau juu, unainamisha kichwa ili mchuzi usikumwagikie shati. Anayetia viazi ndani ni mtu wa Salta. Watu wa Salta ni majirani zetu wa kaskazini, wema kwa mambo mengine. Kwa miaka ishirini nimezioka mimi katika tanuri la udongo nyumbani kwangu Alhamisi, nikazileta Ijumaa kuzipasha moto, na kwa miaka ishirini nimehubiri dhidi ya viazi kama wengine wanavyohubiri dhidi ya shetani.

Jiko lilipoondolewa nilikwenda kwa Nilda Medrano, mwosha vyombo vya maabara. Chumbani kwake kuna oveni ya chuma, ndefu kama kabati la nguo, ya kuchomea chupa na mirija ya kioo. Mlangoni imebandikwa karatasi: VYOMBO TU.

"Dada," nikamwambia, "sinia si chombo?"

"Chebo, utanitafutia balaa."

"Balaa lilishakuja Machi kumi na nne. Hili ni jibu."

Akanipa ufunguo. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa saa sita, ninaingiza sinia, nashusha mshale wa joto kutoka mia mbili na hamsini hadi mia na thelathini ili unga usiungue, nasubiri dakika ishirini, natoa sinia, nakimbilia mkutanoni. Ningali moto, hotuba ingali moto, empanada zingali moto.

Kumbuka hayo. Mimi sikuyakumbuka, na hiyo ndiyo aibu ya hadithi hii.

*

Mwezi wa Juni Dakta Leonor Saravia alikuja bandani kwangu uso umemwanguka. Ni mtu wa Salta, lakini hunywa nasi mate, ile chai yetu chungu ya majani, kwenye kibuyu kimoja na bomba moja, wala hafuti bomba kabla ya kunyonya, kwa hiyo namheshimu.

"Mzee Chebo, panya wako ni wazima?"

"Wazima kuliko Mkurugenzi. Kuna nini?"

Akaketi juu ya gunia la chakula cha panya, akanieleza. Nami nakueleza kama nilivyoelewa. Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu wanaishi seli walinzi. Huzurura humo kila mmoja kivyake, wakimeza vumbi, moshi, na vijidudu. Sasa bakteria, hata akifa, huacha sumu, kwa kuwa sumu yenyewe ni sehemu ya ganda lake. Mlinzi akiigusa sumu hiyo, hata chembe isiyoonekana, hushtuka na kutokeza vishikio juu ya ngozi yake: molekuli za kunata, zinazomfanya ang'ang'anie wenzake na ukuta ulio karibu naye. Hapo haondoki tena kirahisi.

"Kumbe wana chama!" nikasema.

"Sikiliza kwanza. Naosha mapafu ya panya kwa maji ya chumvi, napata walinzi. Nusu nawawekea sumu, nusu siwawekei. Kisha nasuuza sahani mara tatu. Walioguswa na sumu wanapaswa kubaki wamenata. Wasioguswa wanapaswa kuondoka na maji."

"Na?"

"Wanabaki wote! Wiki moja sawasawa, wiki nyingine wote wamenata kama wameapizana. Miezi mitatu ya kazi, Mzee Chebo. Siwezi kuandika hata mstari."

Mtu mwenye akili hapo angehesabu miezi mitatu nyuma kutoka Juni. Mimi nilikuwa ninafikiria chama cha seli.

*

Lawama katika jengo lile ni kama maji, hushuka ngazi zenyewe. Kwanza Dakta Fagalde alilaumu moshi. Ulikuwa msimu wa kuchoma miwa, majivu meusi yanaangukia nguo kwenye kamba, kila mtu anakohoa, basi akasema moshi unaingia mapafuni mwa panya. Nikamwonyesha kwamba banda langu lina vichujio vya hewa ambavyo ofisi yake haina, na kwamba panya hawavuti sigara dirishani kama yeye. Kisha akalaumu panya wenyewe. Nikamletea vitabu vya afya yao vya miaka tisa. Kisha maji. Maji yakapimwa, yakawa masafi. Chini ya maji alibaki nani? Nilda.

Barua ikaja tarehe mbili Agosti. Ilisema sumu ya bakteria inabaki kwenye vyombo visivyooshwa inavyopasa, na kwamba mwosha vyombo ahojiwe mbele ya jopo Ijumaa tarehe kumi, saa saba na nusu.

Sasa uelewe uzito wake. Nilda alikuwa ameosha chupa za Taasisi kwa miaka kumi na moja kwa mikataba ya miezi sita sita. Mara ishirini na mbili ametia sahihi, mara ishirini na mbili ameambiwa "safari ijayo". Mwaka ule hatimaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya ajira ya kudumu, na orodha ilikuwa inafungwa mwisho wa Agosti. Jopo likisema ni mzembe, jina linafutwa, na mkataba wa ishirini na tatu hauji.

Nilimkuta kwenye sinki, mikono nyekundu hadi kwenye viwiko, anasugua.

"Naisuuza kila chupa mara saba, Chebo. Saba! Waliandika tano. Mbili ni zangu mwenyewe."

"Dada, usilie. Niachie mimi."

"Ndiyo maana nalia."

*

Nilisoma siku nne. Nilisoma bandani, nilisoma kwenye basi, nilisoma nikisonga unga. Na nikapata. Mvuke wa moto unaua bakteria, lakini sumu ya ganda lake haijali mvuke. Haijali kuchemshwa. Haiondoki ila kwa moto mkavu: digrii mia mbili na hamsini, zaidi ya nusu saa. Yaani kinachoiondoa sumu si mikono ya Nilda hata kidogo. Ni oveni.

Oveni! Niliruka, panya wakaruka nami. Oveni ambayo fundi wake alistaafu mwaka elfu mbili na kumi na moja na nafasi yake haijajazwa hadi leo, nimeandika barua tisa. Oveni ambayo waraka wa mwaka tisini na nane unasema waosha vyombo wasiguse mshale wake wa joto, eti hawana elimu ya joto. Oveni hiyo ilikuwa imeharibika, na nilijua nani ameiharibu. Nikakimbia kwa Dakta Saravia.

"Daktari, kila chupa ina utepe wenye tarehe ya kuchomwa kwake, kwa mwandiko wa Nilda. Zipange! Anachoma Jumanne na Ijumaa. Pima za Jumanne peke yake na za Ijumaa peke yake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Ijumaa mchana bodi inakutana ghorofa ya pili, na bodi inakunywa kahawa. Ile mashine inanyonya umeme wote wa jengo! Oveni inabaki vuguvugu. Mkurugenzi anakunywa digrii zetu!"

"Nadharia ya ajabu," akasema. "Lakini kupanga kwa tarehe ni wazo zuri kuliko yote niliyoyasikia tangu Machi."

Siku mbili kabla ya jopo akanijia mbio, koti jeupe likipepea. "Mzee Chebo! Za Jumanne: seli safi zinaondoka na maji, zote. Za Ijumaa: zinanata kama gundi. Ni oveni. Ni Ijumaa!"

Naapa sikuwahi kuwa na furaha kama ile tangu jeshi lilipoacha kututawala na kurudi kambini mwaka themanini na tatu.

*

Ijumaa tarehe kumi tulifanya mkutano wetu kama kawaida, na kwa ajili ya vita nilileta empanada sitini badala ya arobaini. Coco Lazarte wa bohari alileta ngoma yake kubwa ya maandamano. Saa saba Nilda aliondoka mapema, mweupe kama sahani, akaenda kupakia chupa zake na kuwasha oveni, kwa sababu hata siku ya kuhukumiwa alifanya kazi yake. Saa saba na nusu tuliteremka sote ishirini na saba na ngoma, tukajaa kwenye korido nje ya chumba cha kuoshea.

Jopo lilikuwa Dakta Fagalde, katibu wake mwenye kalamu, na Dakta Saravia kama shahidi. Nilda alisimama kando ya sinki, ameshika glavu zake kama mtu aliyeshika kofia kanisani.

"Bwana Juárez," akasema Fagalde, "una dakika tano. Na huyo mwenye ngoma abaki nje."

"Ngoma ni mwanachama," nikasema. Coco akapiga moja. Nikaanza.

Ilikuwa hotuba nzuri. Niseme kweli, ilikuwa bora kuliko zote. Niliwaeleza seli za mapafu: zinapotulia kila moja hupita kivyake, lakini sumu ikiingia, hutoa vishikio na kushikamana. "Nasi vilevile!" nikasema. "Mmetutia sumu tangu Machi kumi na nne, sasa tazameni tulivyonata!" Ngoma. Nikaeleza mvuke, nikaeleza moto mkavu, nikasoma barua zangu tisa, tarehe kwa tarehe. "Kosa si la mikono ya Nilda Medrano! Kosa ni joto linaloibwa kila Ijumaa na mashine ya kahawa!" Ngoma, ngoma, ngoma.

"Upuuzi," akasema Fagalde. "Mashine ya kahawa haipunguzi joto la oveni."

"Basi tuitazame! Sasa hivi! Inachoma muda huu, na leo ni Ijumaa. Someni kipimo mbele ya watu!"

Tukageuka sote. Dakta Saravia akainama kwenye kioo cha kipimo.

"Mia na thelathini," akasema.

Korido ikalipuka. Coco alipiga hadi ngozi ikalia. Watu wakaimba. Nami nikapanda juu ya kigoda, nikanyoosha kidole kwa Mkurugenzi, nikapiga kelele, "Mmesikia? Mia na thelathini! Mia na thela..."

Na hapo namba ikanirudia mdomoni ikiwa na ladha ya limau.

"Ajabu," alikuwa anasema Dakta Saravia, ameinama zaidi. "Oveni haijaharibika. Inafanya kama ilivyoambiwa. Ni mshale wenyewe umewekwa mia na thelathini." Akainua kichwa. "Mashine ya kahawa haigeuzi mshale, Mzee Chebo."

Nilishuka kwenye kigoda. Hakuna aliyeniona, isipokuwa Nilda. Alinitupia jicho moja tu, refu, na nikajua kwamba naye ameelewa dakika ileile. Yeye mshale hakuwa akiutazama, kwa kuwa waraka wa mwaka tisini na nane unamkataza kuugusa.

"Bi Medrano," akasema Fagalde kwa upole, na upole wake ni ishara mbaya, "nani mwingine huingia chumba hiki?"

"Hakuna," akasema Nilda.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Ningesema hapohapo. Ninataka kuandika kwamba nilisema hapohapo. Lakini Fagalde alikuwa ameshafungua mlango wa oveni, joto likatoka, na pamoja na joto harufu ambayo watu wote wa Tucumán wanaijua tangu tumboni. Akaingiza koleo, akatoa kutoka kona ya rafu ya chini kipande kilichokauka: ncha ya empanada, mikunjo minne bado imo.

"Naam," akasema. "Kumbe tunapika." Yeye ni Mtucumán wa vizazi saba, na pua ya empanada anayo hata kama moyo hana. Akakigeuza mwangani, akakivunja. Uso ukamkunjamana kama aliyeona nywele kwenye supu.

"Viazi," akasema.

Sauti iliyopita koridoni siwezi kuieleza. Ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Basi si ya Chebo!" akapaza sauti Coco, mwaminifu wangu. "Kaka yetu hatii viazi! Miaka ishirini!"

"Chebo angekufa kwanza," akasema mwingine.

"Hilo nalijua hata mimi," akasema Fagalde. "Bwana Juárez ni msumbufu, lakini si mtu wa viazi." Kisha, polepole, akamgeukia Nilda. "Mama yako, Bi Medrano. Kama sikosei ni mtu wa Metán?"

Metán iko Salta.

Nilda aliinamisha macho. Katibu akaanza kuandika, na nilisikia kalamu ile ikifuta jina kwenye orodha ya mwisho wa Agosti. Nilihitaji kunyamaza tu. Heshima yangu yote ya miaka ishirini ilikuwa imesimama pale kunitetea, na ilikuwa inamzika yeye.

"Ni vyangu," nikasema.

"Nini?"

"Viazi. Ni vyangu."

"Chebo, acha," akanong'ona Coco. "Usijitoe mhanga namna hiyo. Sema uliiba kitu. Sema kingine."

"Ni vyangu! Tangu Mei! Nyama ilipanda, nasi tulikuwa kumi na wawili tukawa ishirini na saba, ningefanyaje? Nilivikata vidogo, vidogo kama nafaka, nikaviloweka kwenye mchuzi visionekane. Na mshale naushusha mimi. Kila Ijumaa saa sita, tangu mlipoondoa jiko. Nachukua sinia naondoka kuhutubia, na sikuwahi hata mara moja kuurudisha; hurudi wenyewe mia mbili na hamsini umeme wa chumba hiki unapozimwa Jumamosi. Mwandike, katibu! Juárez, kwa herufi zeta mwishoni. Huyu mwanamke anasuuza mara saba wakati nyinyi mmeandika tano, na tarehe zake kwenye utepe ndizo zilizomkamata mwenye kosa. Mwenye kosa ni mimi. Sumu ya jengo hili, kwa miezi mitano, ilikuwa mimi."

Hakuna aliyepiga ngoma.

Dakta Saravia ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka amejishika tumbo, ameegemea oveni, na machozi yakamtoka, miezi mitano ya machozi. "Empanada!" akasema. "Miezi mitano nachunguza mapafu, kumbe ni empanada!"

*

Nilda alitia sahihi tarehe ishirini na tisa Agosti, kwa kalamu aliyoinunua kwa siku hiyo. Mimi nilipata barua ya onyo, ya kumi na nne katika maisha yangu na ya kwanza niliyostahili. Jiko lilirudi chini Jumatatu iliyofuata: Fagalde alisema gesi ni hatari ndogo kuliko mimi. Nimeiandika kama ushindi.

Mkutano wa chama ulinijadili saa nzima. Kama mjumbe nilithibitishwa kwa kauli moja. Kama mpishi niliondolewa kwa kura ishirini na sita dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa yangu. Sasa anapika Coco. Mikunjo yake ni kumi na mmoja. Naihesabu, nanyamaza.

Wiki iliyopita Dakta Saravia alikuja bandani. Seli zake zinatenda kama zinavyopaswa, makala inakwenda vizuri. Alinyonya mate, akarudisha kibuyu, akatazama mlango.

"Mzee Chebo," akasema kwa sauti ya chini, "zile za viazi... nyumbani huzipiki tena?"

"Daktari, unataka wanifukuze mjini?"

"Nauliza tu."

"Alhamisi. Njoo na bakuli lenye kifuniko."

Kuhusu Nilda, jambo la kwanza alilofanya kama mfanyakazi wa kudumu lilikuwa kuandika waraka, kwa mwandiko wake ule wa mwalimu, na kuubandika kwenye oveni juu ya ule wa mwaka tisini na nane. Unasema kwamba mshale unaangaliwa na mwosha vyombo kabla ya kila uchomaji, na kwamba Eusebio Juárez asikaribie oveni hii chini ya mita mbili. Nimepinga nyaraka miaka thelathini na moja. Huu nimeunakili wote, na tarehe yake. Ni wa kwanza katika jengo lile ulioandikwa na mtu anayejua anachokisema.